KARANI ALIYERUKA PEKE YAKE HATA AUSTRALIA
(Maneno aliyoyasema karani mmoja mbele ya mkutano wa wazee na walimu)



Nimeombwa niseme habari za eropleni. Wengi wenu mmetaka kujua habari za wale watu wa kwanza waliosafiri mbali sana kwa eropleni ndogo, zile za injini moja na viti viwili, si zile kubwa zichukuazo abiria wengi. Habari hizo ni nyingi, wala siwezi kuzimaliza kwa siku moja. Kwa hiyo nimechagua safari moja tu, ya mtu mmoja tu, nami nitaieleza tangu mwanzo hata mwisho.

Tena nimeichagua kwa sababu. Katika mkutano uliopita tulibishana sana juu ya mwalimu mmoja awafundishaye watoto useremala na kazi ya chuma kila alasiri. Mzee wetu mmoja alisimama akasema, "Mimi nalimpeleka mwanangu shule ili ashike kalamu. Nyundo nimeiacha nyumbani." Watu wengi walimwitikia. Mimi siku ile nalinyamaza, lakini moyoni nalijua kwamba ninalo neno la kujibu. Basi neno lenyewe ni habari hii.

Mtu nitakayemsimulia ni mwanamke wa Kiingereza, jina lake Amy Johnson. Alizaliwa mwaka 1903 katika mji wa Hull, bandari iliyo upande wa kaskazini ya Uingereza. Baba yake alikuwa mfanya biashara wa samaki. Binti huyu alisoma mpaka akahitimu katika chuo kikuu cha Sheffield, kisha akaenda London, akapata kazi katika ofisi ya mawakili. Kazi yake ilikuwa kuandika barua na kupiga taipu. Basi, ndugu zangu makarani, mtu huyu alikuwa mwenzetu. Alikaa mezani kutwa akiandika maneno ya watu wengine, akangoja mshahara wake kama sisi tunavyongoja wetu.

Karibu na London palikuwa na kiwanja cha eropleni kiitwacho Stag Lane, na hapo palikuwa na chama cha watu wanaojifunza kuruka. Amy alikwenda kutazama, akapendezwa, akajiandikisha. Wala msidhani kwamba alikuwa mwepesi wa kufahamu kazi hiyo. Alihitaji zaidi ya saa kumi na tano angani pamoja na mwalimu kabla hajaruhusiwa kuruka peke yake, na wengi waliruhusiwa mapema kuliko yeye. Walakini hakukata tamaa. Mwezi wa Julai mwaka 1929 alipata cheti chake cha urubani.

Hapa ndipo habari yenyewe ianzapo. Wanachama wengi wa chama kile walikuja kuruka tu. Walikuta eropleni imekwisha kutengenezwa, wakaingia, wakaruka, wakashuka, wakaenda zao. Mambo ya injini waliwaachia mafundi. Amy hakufanya hivyo. Aliingia katika banda la mafundi akaomba afundishwe. Fundi mkuu wa pale, Jack Humphreys, alimkubali. Yule msomi wa chuo kikuu akavaa nguo za fundi, akalala chali chini ya mitambo, akafungua, akasafisha, akafunga tena, mikono yake ikawa myeusi kwa mafuta. Mwisho akaiacha ofisi ya mawakili apate kushinda bandani kutwa. Kabla ya mwaka 1929 kwisha alipewa na Serikali ya Uingereza cheti cha fundi wa eropleni. Katika nchi ile hapajakuwa na mwanamke aliyekipata kabla yake.

Labda mtauliza, rubani ana haja gani ya kujua ufundi? Basi na tuitazame eropleni yenyewe aliyosafiri nayo. Ilikuwa ya aina iitwayo Gipsy Moth, iliyoundwa na kampuni ya de Havilland. Moth ni nondo, yule mdudu arukaye usiku kuzunguka taa. Na kweli chombo kile kilikuwa chepesi kama nondo. Mwili wake ulikuwa wa mbao. Mabawa yalikuwa mawili, moja juu ya jingine, nayo yalikuwa mifupa ya mti iliyovikwa kitambaa cha kitani, kisha kikapakwa dawa ya kukikaza mpaka kikawambika kama ngozi ya ngoma. Injini ilikuwa na silinda nne, na nguvu zake zilikuwa kama za farasi mia. Mwendo wake ulikuwa maili 85 kwa saa au zaidi kidogo. Rubani hakuwa na kioo cha kumfunika wala paa juu yake. Kichwa chake kilikuwa nje, na mvua na jua na upepo vyote vilikuwa vyake.

Hakuwa na simu ya upepo, wala mtu wa kumwambia njia. Alikuwa na ramani, dira, saa, na macho yake. Tena alikuwa na hesabu. Ninyi mkaao kandokando ya mito mnajua kwamba mtumbwi uendao juu ya mto hauendi sawa na ule ushukao na maji, ingawa wapiga kasia ni wale wale. Upepo ndio mto wa ndege. Chukueni eropleni yenye petroli ya saa kumi, na mwendo wake maili 85. Pasipo upepo itakwenda maili 850. Upepo ukija mbele kwa nguvu ya maili 25, mwendo juu ya nchi wabaki maili 60 tu, na petroli ile ile itamfikisha maili 600, wala si zaidi. Maili 250 zilizopotea huenda zikawa ni za bahari au za jangwa. Ndiyo maana rubani asiyejua kutoa na kuzidisha hafiki, hata akiwa shujaa namna gani.

Sasa Amy akaazimia kwenda Australia peke yake. Safari hiyo ilikwisha kufanywa na rubani mmoja hodari, Bert Hinkler, mwaka 1928, kwa muda wa siku kumi na tano na nusu. Amy alitaka kuipunguza. Lakini kumbukeni alikuwa nani: hakuwa ametimiza hata saa mia moja za kuruka, na safari yake ndefu ya peke yake ilikuwa kutoka London kwenda kwao Hull. Aliandika barua nyingi kuomba msaada, na wengi wakamkatalia. Mwisho alisaidiwa na baba yake, na pamoja naye tajiri mmoja mfanya biashara ya mafuta ya mitambo, Lord Wakefield. Eropleni ikanunuliwa kwa pauni 600. Haikuwa mpya, bali ilikuwa imekwisha kutiwa matangi ya ziada ya petroli. Akaiita Jason, maana jina hilo lilikuwa alama ya samaki wa baba yake.

Siku ya tarehe 5 Mei 1930, asubuhi, aliondoka katika kiwanja cha Croydon karibu na London. Watu waliokuja kumuaga walikuwa wachache. Pembeni mwa eropleni alikuwa amefunga rafadha ya akiba, yaani lile panka la mbele livutalo ndege. Liwekeni moyoni jambo hilo, tutalirudia.

Siku ya kwanza alifika Vienna, siku ya pili Istanbul. Alipotoka huko kwenda Aleppo ilimpasa kuvuka milima ya Taurus. Mawingu yalikuwa yameifunika, na eropleni yake yenye mzigo mzito wa petroli haikuweza kupanda juu yake. Akapita katikati ya milima, akifuata njia ya reli bondeni, na mara moja alitoka winguni akaona mwamba mbele yake, akageuka kwa shida.

Kati ya Aleppo na Baghdad alikutwa na tufani ya mchanga. Eropleni ilitupwa chini kama kishada kilichokatika uzi, na mchanga ukamziba macho asione kitu. Akateremka jangwani bila kujua anatua juu ya nini. Alipogusa nchi aliruka nje, akaigeuza eropleni ielekee upepo, akaweka mizigo yake kwenye magurudumu isisukumwe, akaifunika injini ili mchanga usiingie. Kisha akakaa kuilinda, bastola mkononi, maana alisikia mbwa wakilia. Tufani ilipotulia, akafunua injini, akaiwasha, ikaitika. Asingejua kwamba mchanga ndio adui wa injini, asingeifunika kwanza. Na asingeifunika, pengine mifupa yake ingekuwa huko huko.

Tarehe 10 Mei alifika Karachi, mji uliokuwa wakati ule katika Bara Hindi. Alikuwa ametumia siku sita, na hapajakuwa na rubani aliyefika huko kwa eropleni ndogo upesi kama hivyo. Hinkler mwenyewe alikuwa nyuma yake kwa siku mbili. Sasa ndipo magazeti yalipoanza kuandika. Mtu aliyeagwa na wachache alianza kungojewa na maelfu.

Wala wasomaji wa magazeti hawakujua kazi yake ya jioni. Kila alipotua, watu walimletea chai na maua. Yeye alitaka kwanza kuangalia injini. Alichuja petroli, akabadili mafuta, akasafisha plagi, akakaza kila kilicholegea, na usingizi wake ukawa wa saa chache tu. Mwanzoni mwa njia aliugua kwa harufu ya petroli, kwa kuwa ilimpasa kuipiga bomba kwa mkono wake mwenyewe, kuitoa katika matangi ya akiba na kuipandisha katika tangi la juu, huku akiendelea kuruka.

Katika Bara Hindi upepo wa mbele ulimlia petroli, kama ile hesabu yetu isemavyo, akashindwa kufika Allahabad. Akatua Jhansi katika uwanja wa gwaride wa askari, bila taarifa, nao wakamshangaa. Eropleni ikaumia bawa, ikatengenezwa, akaendelea.

Tarehe 13 Mei alikuwa Burma, katika mvua kubwa, akiutafuta mji wa Rangoon. Hakuuona. Aliona kiwanja cha mpira, akadhani ndicho kiwanja alichoelekezwa, akatua. Kumbe kilikuwa kidogo. Eropleni ikapita mwisho wa kiwanja ikaanguka shimoni. Rafadha ikavunjika, bawa likapasuka, na miguu ya magurudumu ikaharibika. Amy alilia, wala simwoni kuwa na kosa. Siku zile mbili alizompita Hinkler zilipotea hapo, na tumaini la kuipunguza safari likafa.

Lakini, walimu wangu, sikilizeni kiwanja kile kilikuwa cha nani. Kilikuwa cha chuo cha ufundi cha mahali paitwapo Insein. Walimu na wanafunzi wa chuo kile walitoka mvuani wakamsaidia kuivuta eropleni shimoni, kisha wakaanza kazi pamoja naye. Chuma kilichopindika walikinyosha. Bawa lilihitaji kitambaa cha eropleni, nacho hakikupatikana. Ikaonekana kwamba kitambaa cha eropleni kilichobaki baada ya vita ya 1914 kilikuwa kimeshonwa mashati, basi mashati yale yakafumuliwa yakawa bawa. Ile rafadha ya akiba, mnayoikumbuka, ikafunguliwa pembeni ikafungwa mbele. Tarehe 16 Mei akaruka tena. Nawauliza wazee wangu: kama angeanguka katika kiwanja cha shule ambayo watoto wake hufundishwa kushika kalamu tu, nani angemtoa?

Baada ya hapo alipita Siam na Singapore. Katika kisiwa cha Java alilazimika kutua penye kiwanda cha sukari, na vijiti vya mwanzi vilivyosimikwa ardhini vikatoboa mabawa. Akayaziba matundu kwa plasta ile ibandikwayo juu ya jeraha, akaenda zake. Katika kisiwa cha Timor, jua likikaribia kuchwa, hakukiona kiwanja, akatua mbugani karibu na kijiji. Watu wa kijiji walitoka mbio kuja kutazama. Hawakujua lugha yake wala yeye hakujua yao. Wakamwongoza mpaka nyumbani kwa padre, akapata chakula na mahali pa kulala. Dunia nzima ilidhani amepotea, kumbe yu salama mikononi mwa wanavijiji. Mgeni ni mgeni, hata akianguka kutoka mbinguni.

Ikabaki bahari ya Timor, maili 500 za maji matupu. Injini ikisimama, hapana kiwanja cha mpira wala jangwa. Katikati ya bahari aliiona meli ya mafuta, nayo ikapeleka habari kwa simu ya upepo kwamba amepita. Siku hiyo hiyo, tarehe 24 Mei 1930, akatua Darwin katika Australia. Alikuwa amesafiri maili kama 11,000 kwa siku kumi na tisa na nusu. Hakuvunja mwendo wa Hinkler. Lakini hapajakuwa na mwanamke aliyeifanya safari hiyo peke yake kabla yake. Mfalme alimpa nishani, na gazeti moja kubwa la London likampa pauni 10,000.

Nisipowaambia na hili nitakuwa msimulizi wa uongo. Siku tano baadaye, alipotua Brisbane mbele ya umati wa watu, alipita mwisho wa kiwanja, eropleni ikapinduka kwenye ua. Alikuwa amechoka kwa safari na kwa karamu. Ujuzi haumfanyi mtu asikosee. Hata kifo chake kilikuwa cha kazi hiyo hiyo. Wakati wa vita, tarehe 5 Januari 1941, alikuwa akipeleka eropleni ya jeshi kutoka mahali hata mahali, akapotea katika hali mbaya ya hewa, akaanguka katika mlango wa mto Thames. Afisa mmoja wa meli alijitupa majini amwokoe, naye akafa. Mwili wa Amy haukuonekana kamwe. Jason, ile eropleni yake, imehifadhiwa katika jumba la makumbusho ya sayansi mjini London, nayo ipo hata leo.

Huenda mtu akasema hayo ni mambo ya mbali. Si ya mbali sana. Mwaka 1929, Amy alipokuwa angali bandani akijifunza, mwanamke mwingine, Bibi Florence Wilson, alianzisha kampuni ya ndege mjini Nairobi kwa eropleni moja tu, nayo ilikuwa Gipsy Moth. Kiwanja cha Wilson kina jina lake mpaka sasa. Mwaka 1931 ndege za kampuni ya Imperial Airways zilianza safari kutoka London hata Mwanza. Barua zilizokuwa zikikaa majini majuma mengi zikafika kwa siku chache. Njia hizo za angani zilitanguliwa na watu wa vyombo vidogo, waliokwenda kuona penye upepo mbaya, penye kiwanja chema, na penye petroli.

Sasa nimjibu mzee wangu, kwa adabu yote. Nilipokuwa kijana, karani mpya, nalitumwa na barua kwenda mahali mbali kidogo. Nalivaa shati jeupe, nikapanda baiskeli. Njiani mnyororo ukatoka. Mimi niliyeweza kuandika barua ya Kiingereza pasipo kosa nalikaa kando ya njia nikiutazama mnyororo ule, nisitake kuugusa nisije nikachafuka. Nalikaa hata jua likapinduka. Akapita mtoto mchungaji, akaurudisha mnyororo kwa kijiti, akafuta mikono majanini, akaniambia, "Bwana karani, tayari." Barua ilifika imechelewa. Nami hata leo nikiikumbuka siku ile naona haya, wala si kwa sababu ya mnyororo.

Mzee wangu, kalamu ndiyo iliyompa Amy hesabu ya petroli na kusoma ramani. Nyundo ndiyo iliyomtoa jangwani. Angekosa moja, tusingelisikia jina lake. Simwambii mtu kwamba mwanawe ataruka kwenda Australia. Namwambia tu kwamba iko siku mashine ya kusaga itasimama, au bomba la kisima, au baiskeli, na mahali pale hatakuwapo fundi. Na mtoto aliyesoma atatazamwa na wote. Je, atakaa kando ya njia kama mimi? Tena waleteni na mabinti, maana mnaona wenyewe ni binti nani niliyewasimulia leo.

Mwalimu yule wa useremala ameniambia kwamba nusu ya wanafunzi wake wa alasiri wameondolewa tangu mkutano ule. Madawati waliyoanza kuyaunda yapo pale pale, hayajatiwa miguu. Nawaombeni, wazazi, warudisheni Jumatatu.

Nimekwisha.